Sauti Inavyovuka Wadi

Tarehe 14 Aprili 2024 mvua kubwa ilipiga milima ya Hajar nchini Oman, na huko Samad Ash Shan, katika wilaya ya Al Mudhaibi, maji ya wadi yakalikumba gari lililokuwa limebeba wanafunzi. Watoto wapatao kumi walifariki dunia. Siku zilizofuata masomo ya darasani yalisimamishwa katika mikoa kadhaa ya Oman, na wanafunzi wakatakiwa wasomee nyumbani.

Anayeijua Sharqiyah, eneo lenye Al Mudhaibi, anajua hali hiyo inavyoanza. Wadi ni bonde la changarawe ambalo kwa miezi hupitwa na mbuzi na magari bila ya mtu kulifikiria. Lakini mwamba wa Hajar uko uchi: hauna udongo wa kunywa maji wala majani ya kuyachelewesha. Mvua ikinyesha juu, maji mengi huteremka kwa kasi, na mkondo huweza kumfikia mtu ambaye kichwani mwake jua bado linawaka. Barabara inapokatiza wadi hufungwa, na eneo zima hukatika vipande kwa siku moja au mbili. Mwanachuo wa Ibra amekwama kwao Samad, mwenzake yuko Sinaw, mwalimu wao yuko Nizwa, kila mmoja ng'ambo ya maji yake.

Kwa hiyo swali la namna ya kuiweka pamoja jamii ya chuo wakati watu wametengana halikuletwa huku na Corona. Corona ililirefusha tu. Jumapili ya tarehe 15 Machi 2020 Oman ilisimamisha masomo katika shule na vyuo vyote. Jamaa zetu waliokuwa wakisoma Dar es Salaam nao walifungiwa mwezi huohuo, lakini Tanzania ilifungua vyuo tarehe 1 Juni. Oman iliendelea kufundisha kwa mtandao hadi mwaka wa masomo uliofuata. Na katikati ya utengano huo, mwezi Agosti 2020, vyuo vya teknolojia na vya sayansi tumizi, vikiwemo vya Ibra, Sur na Nizwa, viliunganishwa kuwa Chuo Kikuu cha Teknolojia na Sayansi Tumizi. Aliyefunga begi lake Ibra mwezi wa Machi alijikuta ni wa chuo kingine bila ya kunyanyuka kwenye zulia la nyumbani kwao.

Ni kitu gani hasa kinachopotea chuo kinapotawanyika? Wengi wangesema marafiki. Takwimu hazisemi hivyo.

Mjini Zurich, Timon Elmer na wenzake wa chuo cha ETH walikuwa na kitu ambacho watafiti wengi walikitamani mwaka 2020: tangu kabla ya janga walishawauliza wanafunzi wao nani anazungumza na nani, nani anasoma na nani, nani ni rafiki wa nani. Vyuo vilipofungwa wakauliza tena. Mtandao wa mazungumzo na wa kusoma pamoja ulikuwa umepungua, na wanafunzi wengi zaidi walikuwa wakisoma peke yao kabisa. Hata mahangaiko yalibadilika sura. Zamani mtu aliogopa kupitwa na shughuli za wenzake. Sasa aliogopa afya, familia na mustakabali wake. Walioumia zaidi ni wale ambao tangu mwanzo hawakuwa na watu wengi, na wale waliokaa peke yao.

Chuo cha MIT cha Marekani kilipimwa kwa njia nyingine, kwa kuangalia barua pepe. Utafiti uliochapishwa mwaka 2022 ulifuatilia nani anamwandikia nani baada ya watafiti wa chuo hicho kurudishwa majumbani. Wale waliokuwa karibu waliendelea kuandikiana. Kilichokatika ni kujuana kwa juujuu: katika miezi 18, zaidi ya nyuzi 4,800 za aina hiyo zilipotea.

Kujuana kwa juujuu kunadharauliwa, na hapo ndipo ninapotaka kukaa kidogo. Mwaka 1973 mwanasosholojia Mark Granovetter alichapisha makala ambayo mpaka leo wanasayansi wa jamii hawajaacha kuinukuu. Aliwauliza watu wa mji wa Newton, Massachusetts, waliokuwa wamepata kazi kwa kuambiwa na mtu: huyo aliyekuambia mlikuwa mkionana mara ngapi? Wengi walijibu kwamba ni mara mojamoja, au kwa nadra. Sababu yake ni rahisi. Rafiki yako wa chumbani anajua unayoyajua, maana mnakula na kulala pamoja. Yule mnayepungiana mkono tu anatoka kwenye duara jingine, na habari zake ni mpya kwako.

Chuoni, huyo wa kupungiana mkono ndiye anayekwambia kwamba fomu ya posho mwisho wake ni Alhamisi, kwamba mwalimu fulani ukimfuata ofisini huwa mpole, kwamba kuna dada wa mwaka wa tatu aliyepitia shida kama yako akatoka salama. Hamna miadi naye. Mnakutana kwenye foleni ya kantini, kwenye basi la kurudi nyumbani mwisho wa wiki, kwenye ngazi. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nizwa, kilichoko Birkat al-Mouz, wana jirani wa kipekee katika jambo hili: falaj (mfereji wa maji wa jadi) ya Al-Khatmeen, mojawapo ya zile tano zilizoingizwa na UNESCO katika urithi wa dunia mwaka 2006. Kwa karne nyingi mji huo umegawana maji kwa zamu, na penye zamu watu husubiri, na penye kusubiri watu huzungumza. Programu nyingi za mikutano ya mtandaoni hazina mahali pa kusubiri kwa namna hiyo. Kipindi kikiisha, dirisha linafungwa na kila mtu anatoweka.

Hata ndani ya kipindi chenyewe kuna kasoro, nayo inapimika. Mwaka 2009 kundi lililoongozwa na Tanya Stivers lilipima lugha kumi za dunia (Kiswahili hakimo, kwa bahati mbaya) na kukuta kwamba, kwa wastani, mtu huanza kujibu takriban sehemu mbili za kumi za sekunde baada ya mwenzake kunyamaza. Ni haraka kuliko muda ambao ubongo unahitaji kutayarisha neno, maana yake tunaanza kutayarisha jibu huku mwenzetu bado anasema. Julie Boland na wenzake huko Michigan wakapima mazungumzo ya ana kwa ana na ya Zoom: pengo lililokuwa milisekunde 135 likapanda hadi 487.

Waya si wa kulaumiwa sana. Nuru ndani ya nyuzi za kioo hukimbia kilometa 200,000 hivi kwa sekunde, kwa hiyo kilometa 200 za nchi kavu ni milisekunde moja tu. Ucheleweshaji mwingi unatoka kwingineko: kompyuta inaikamua picha ili iwe nyepesi, inaipitisha kwenye seva, na upande wa pili inaikusanya na kuisubirisha ili isikatike. Sekunde haitimii, lakini mazungumzo yanaharibika. Salamu zetu, zile za habari za asubuhi, za nyumbani, za watoto, za tangu juzi, huenda kwa kupandiana. Hata kabla hujamaliza, mwenzio kashasema nzuri. Zitie nusu sekunde katikati uone. Wote wawili wanaanza, wote wananyamaza. "Endelea." "Hapana, endelea wewe." Na watafiti wa Ujerumani walionesha mwaka 2014 kwamba kuchelewa kwa namna hiyo hakuonekani kuwa ni kosa la mtambo. Tunamwona mwenzetu kuwa hasikilizi, au si mkunjufu.

Ongeza kamera. Katika nyumba nyingi za huku msichana hafungui kamera wakati ndugu na wageni wanapita nyuma yake, na ni haki yake. Mwalimu anabaki akihutubia miraba myeusi yenye majina. Kumlazimisha mtu afungue kamera ili ionekane kwamba jamii ipo, kwa maoni yangu, ni kutafuta kitu mahali kisipokuwepo. Sauti inatosha, na huenda inatosha kuliko tunavyodhani.

Mwaka 2010 Leslie Seltzer na wenzake wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, Madison, waliwachukua wasichana 61 wa miaka 7 hadi 12 na kuwatia katika jambo la kutisha: kuhutubia na kufanya hesabu mbele ya watu wasiowajua. Baada ya hapo wengine walikumbatiwa na mama zao, wengine wakazungumza na mama zao kwa simu, wengine wakaangalia filamu tu. Kotisoli, homoni ya mfadhaiko, ilishuka kwa waliokumbatiwa. Ikashuka pia kwa waliosikia sauti ya mama kwenye simu. Oksitosini, inayoambatana na utulivu na ukaribu, ilipanda kwa makundi yote mawili. Mwaka 2012 walirudia na kuongeza kundi jingine lililoandikiana na mama kwa ujumbe wa maandishi. Maandishi hayakufanya kazi. Miili ya watoto hao ilikuwa sawa na ya wale ambao hawakuwasiliana na mama zao kabisa.

Wasichana 61 si umma, na kupima oksitosini kwenye mkojo, kama walivyofanya, kuna ubishi wake. Lakini matokeo ya upande mwingine yanalandana. Amit Kumar na Nicholas Epley waliwataka watu wamtafute rafiki wa zamani, wengine kwa simu na wengine kwa barua pepe. Kabla ya kuanza, watu walidhani simu itawatia haya. Waliopiga hawakuona haya zaidi ya walioandika, na walijisikia karibu zaidi na rafiki yao.

Oman ina kituko chake hapa. Kwa miaka mingi simu za WhatsApp zimezuiwa nchini, ingawa ujumbe hupita. Matokeo yake ni kwamba familia zetu, zenye wazee waliozaliwa Unguja, Ujiji au Bujumbura, zimekuwa mabingwa wa voisi, yaani ujumbe wa sauti uliorekodiwa. Voisi ya bibi kwa mjukuu aliyeko hosteli Sur huchukua dakika nne: kwanza salamu, kisha kila mtu wa nyumbani kwa jina lake, kisha kikohozi, kisha adhana ya laasiri inaingia kwa nyuma, "ngoja mwanangu, adhana iishe," kimya, halafu ndipo habari yenyewe, ambayo ni kwamba mwembe umezaa. Nusu sekunde ya Zoom haina nafasi hapo, kwa sababu hakuna anayengojea zamu. Mtoto anaisikiliza akiwa kwenye basi, na akitaka huirudia usiku. Seltzer hakupima sauti iliyorekodiwa, alipima mazungumzo ya papo kwa papo, kwa hiyo nisiitie voisi dawa isiyokuwamo. Ila pumzi, kusita na uchovu wa msemaji vimo, na maandishi hayana.

Vyuo vyenyewe, hata hivyo, huwasiliana kwa maandishi, na maandishi yao mengi ni ya kutisha. "Mwanafunzi, rekodi zinaonesha hukuhudhuria vipindi vitatu. Wasiliana na idara haraka." Linganisha na kazi ya Jerome Motto, daktari wa akili wa San Francisco. Kuanzia mwaka 1969 aliwafuatilia watu waliolazwa kwa huzuni kali au kwa kutaka kujiua. Miongoni mwao walikuwamo 843 waliokataa kuendelea na matibabu. Nusu waliachwa, nusu waliandikiwa barua fupi mara kadhaa kwa mwaka kwa miaka mitano. Barua haikudai kitu wala haikuulizia tiba. Ilisema tu kwamba tunakukumbuka, tunatumai u mzima, na ukipenda kutuandikia tutafurahi. Katika miaka miwili ya mwanzo, waliojiua miongoni mwa walioandikiwa walikuwa wachache kuliko wale walioachwa.

Barua hizo hazikuchukua nafasi ya daktari, na mwanachuo aliyezama anahitaji mtaalamu. Wengi hawajafika huko. Mwaka 2022 Peggy Liu na wenzake walionesha, kwa majaribio ya maelfu ya watu, kwamba anayetuma salamu fupi ya ghafla hukadiria chini furaha ya anayeipokea, na kadiri isivyotarajiwa ndivyo inavyothaminiwa zaidi. Mwalimu wa fizikia akisema kwa sauti yake, kwa sekunde ishirini, "Sikukuona wiki hii, nikakukumbuka, si lazima unijibu," ametumia muda mchache kuliko wa kujaza fomu ya utoro.

Tanzania ina chuo kilichozaliwa kimetawanyika. Chuo Kikuu Huria kiliundwa kwa sheria ya mwaka 1992, na wanafunzi wake wamesambaa nchi nzima. Hata hivyo hakikuridhika na vitabu vya posta. Kilifungua vituo mikoani, Zanzibar ikiwemo, ambako mtu huja kufanya mtihani na kukutana na mwenzake aliyekuwa akipambana na moduli ileile. Takwimu za MIT zinakiunga mkono: watu waliporudi chuoni kwa siku chache tu za wiki, sehemu ya nyuzi zilizokatika ilianza kuota upya, ingawa si zote.

Kwa mji wa kiasi cha Samad, chumba kimoja chenye intaneti nzuri, birika la kahawa na wanachuo wa vyuo mbalimbali waliofungiwa barabara upande mmoja wa wadi kingefanya mengi ya hayo, na ni bora makundi ya kusoma yapangwe kwa barabara badala ya idara. Utabiri wa mvua ukitoka, mshauri wa wanafunzi aanze na orodha ya wanaokaa peke yao kabla ya ile ya watoro, yenye namba za simu ya kawaida, ile ya kupiga na kuita, kwa sababu simu ya WhatsApp haitaita.