Pumzi, maombi na mwanasaikolojia

Keshero, upande wa magharibi wa Goma, hakukosekani sala. Kuna mikesha, kuna vyumba vya maombi vinavyojaa watu waliofunga, na msikitini dhikri inafuata pumzi, kuingia na kutoka. Wakazi wa Goma walikimbia volkano ya Nyiragongo mwaka 2002 na tena Mei 2021, kisha vita vikawaingilia mjini Januari 2025. Sala imewabeba, na tiba yoyote ya akili inayoidharau haitafika mbali hapa.

Ila sala peke yake mara nyingi huliacha wazo moja lizidi kumtafuna mtu: kwamba yaliyompata ni kosa lake. Hapo ndipo tiba ya mazungumzo ina kazi. Mwaka 2013 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha utafiti uliofanywa mashariki mwa Kongo kwa wanawake 405 walionusurika ukatili wa kingono au walioushuhudia. Wasaidizi wa huku huku, ambao si madaktari, waliwafundisha baadhi yao kwa vikundi kulipima wazo kama hilo, na kwa kuwa wengi hawakujua kusoma, masomo yalishikwa kwa kichwa. Kabla ya tiba, asilimia 71 ya waliofundishwa hivyo walikuwa na dalili za sonona au wasiwasi mkubwa. Miezi sita baada ya tiba walibaki asilimia 9. Waliopewa msaada wa mtu mmoja mmoja tu walitoka 83 hadi 42.

Tafakuri na tiba vimeshakutana katika nchi jirani. Katika makazi ya Rhino, Uganda, wanawake wakimbizi 694 kutoka Sudan Kusini walishiriki jaribio la mbinu ya Shirika la Afya Duniani. Waliofundishwa mbinu hiyo walisikiliza sauti iliyorekodiwa ikiwaelekeza kukanyaga ardhi, kufuata pumzi na kuliacha wazo chungu lipite bila kupigana nalo. Miezi mitatu baadaye dhiki yao ilikuwa imepungua kuliko ya wenzao. Zoezi la namna hiyo lina asili kwa Wabudha. Mmarekani Jon Kabat-Zinn aliliingiza hospitalini Massachusetts mwaka 1979.

Tahadhari inahitajika. Mama aliyevamiwa usiku ukimwambia afumbe macho na anyamaze, anaweza kuuona usiku ule ule. Msaidizi mzuri humwacha macho wazi, nyayo juu ya jiwe la lava, ataje anavyoviona: bidoni ya njano, ukuta mweusi, kigari cha chukudu kinachopita na mbao. Kisha pumzi itoke polepole kuliko ilivyoingia. Hadithi yenyewe itafuata baadaye, akiwa tayari.

Wachungaji, mashehe na mama wa maombi, endeleeni kuwaombea watu, lakini yeyote kati yenu asimwambie mgonjwa atupe dawa. Asiyelala wiki nzima, mshikeni mkono mumpeleke kwa wataalamu. Goma tunacho kituo cha afya ya akili cha Tulizo Letu, cha watawa wa Frères de la Charité. Nanyi wanasaikolojia, kikao cha kwanza muulizeni mtu anasali vipi, mwanzie hapo.