Gesi ya Kiyoyozi Haiishi, Huvuja

Familia yoyote iliyoteremka kutoka Mpanda hadi Ikola ndani ya HiAce ya zamani, katika joto la Oktoba, inaijua taabu yake: mkifunga madirisha mnapikika, mkiyafungua mnakula vumbi. Kiyoyozi kimo garini, ila hakipoozi. Dereva husema, "Gesi imeisha." Fundi hujaza, fedha hutoka, na baada ya wiki chache mtoto mchanga na bibi yake wamerudi katika jasho lile lile.

Neno hilo "imeisha" ndilo linalowapotosha wengi. Gesi ya kiyoyozi si petroli. Haiungui wala hailiki. Huzunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa, ikawa kimiminika katika kondensa mbele ya gari, ikawa mvuke katika evapareta na kufyonza joto la abiria, kisha kompresa ikaisukuma upya. Ikipungua, kuna mahali imetokea. Kujaza bila kupatafuta mahali hapo ni kuteka maji kwa pakacha. Na fundi alijuaye hilo, akanyamaza huku akipokea malipo ya mara ya tatu, hatuoni anatofautiana vipi na muuzaji amfichaye mnunuzi aibu ya bidhaa.

Pa kuanzia ni chini ya gari. Vipanya vyenye kipoozeo cha nyuma vina mabomba marefu yapitayo chini ya sakafu, nayo hupigwa na kokoto safari nzima. Matope ya masika huganda kwenye vibanio vyake, na kwa gari libebalo migebuka kutoka ziwani, maji ya barafu huongeza unyevu papo hapo. Alumini huliwa polepole, na aghalabu tundu hujificha nyuma ya kibanio, pasipoonekana mpaka kifunguliwe.

Gesi husafiri pamoja na mafuta ya kulainisha kompresa. Basi panapovuja gesi, mafuta nayo hutoka kidogo, na vumbi hunata juu yake. Hapa vumbi la barabara yetu, kwa mara moja, lina faida: doa jeusi lenye unyevu penye kiungo cha bomba, au mbele ya kompresa penye puli, ni shahidi. Maji safi yadondokayo chini ya gari kiyoyozi kikifanya kazi si uvujaji. Ni unyevu wa hewa uliogeuka maji.

Injini ikiwa imezimwa, pakeni povu zito la sabuni kwenye viungo vyote na mtazame kwa subira. Mapovu yakifura, mmepata. Ikiwa gesi yote imekwisha kutoka, povu halitasema kitu. Fundi atie kwanza naitrojeni kavu ili kuleta shinikizo. Asitie oksijeni kamwe, kwani ikikutana na mafuta yaweza kulipuka. Wala asitafute tundu kwa moto: gesi hiyo ikiungua hutoa hewa ya sumu. Watoto wakae mbali, na fundi avae miwani, maana gesi ya R-134a huchemka kwenye nyuzi 26 chini ya sifuri na huweza kuligandisha jicho.

Raba ya kiungo iliyokauka ni jambo dogo, hubadilishwa. Bomba lililotoboka ni jingine. Gundi ya chuma haidumu katika shinikizo hilo. Bomba lichomelewe na ajuaye alumini, au libadilishwe. Mwenye mfuko mwembamba aweza kumwomba fundi akate njia ya nyuma na kuiziba sawasawa, abaki na ubaridi wa mbele tu, na gesi ipunguzwe kwa kadiri hiyo.

Kabla ya kujaza, mfumo unyonywe hewa kwa pampu kwa nusu saa au zaidi, kisha pampu izimwe na geji itazamwe. Sindano ikipanda, bado kuna tundu, au unyevu haujatoka. Chujio la kukausha unyevu libadilishwe ikiwa mfumo ulikaa wazi. Kiasi cha gesi na aina yake vimeandikwa kwenye kibandiko ndani ya boneti; mwambieni fundi akipime kwa mizani, asikisie. Na akileta mtungi wa gesi ya kupikia, hata kwa bei ya kuvutia, ondokeni: hiyo huwaka, na evapareta imo chumba kimoja na watoto wenu.

Masika yakiingia na baridi ikatosha, washeni kiyoyozi dakika 10 kila wiki, ili mafuta yaifikie raba ya kompresa isikauke.