Kabla ya DC: Ufipa ilivyojenga dola ya viongozi wa kuteuliwa

Matai. Mkuu wa Wilaya ya Kalambo hapigiwi kura. Rais anamteua, anaapishwa, anafika Matai na kuanza kazi. Akihamishwa anafungasha mizigo, kiti kinachukuliwa na mwingine. Hakuna anayeuliza babu yake alikuwa nani. Mwenyekiti wa kijiji ni habari nyingine kabisa: huyo wanakijiji wenyewe ndio waliomchagua, mara ya mwisho ikiwa Novemba 27, 2024.

Wengi hudhani mpangilio huu wa mteule wa juu na mchaguliwa wa chini uliletwa na mkoloni, au ulikuja baada ya Uhuru. Ufipa ilikuwa na kitu kinachofanana nao kabla Mjerumani hajafika.

Kisa cha kigoda

Simulizi za Wafipa zinaanzia Milansi, kijiji kinachohesabiwa kuwa kikongwe kuliko vyote, na mtawala wake wa kwanza, Ntatakwa, anayesemekana alishuka kutoka mbinguni. Siku moja Ntatakwa akiwa mawindoni walifika wanawake watatu wageni, wa ukoo wa Watwa. Alikuwa amemwonya mkewe kwamba watu wa aina hiyo watakuja, asiwaachie kigoda cha utawala. Mke akakitoa. Mume aliporudi akakuta wageni wameshakikalia.

Hapakuwa na vita. Palikuwa na makubaliano: Watwa watawale nchi, mkuu wa Milansi abaki na kijiji chake na heshima yake ya kimila. Uchukulie kama historia au kama hadithi, kisa hiki kinaeleza jambo lililoonekana kweli Ufipa. Kushika nchi na kushika mila vilikuwa mikononi mwa watu wawili tofauti.

Baadaye ukoo wa Watwa wenyewe uligawanyika, zikawa falme mbili: Nkansi upande wa kaskazini na Lyangalile kusini. Zilipigana sana kabla ya mambo kutulia. Mwaka 1880 msafiri Mskoti Joseph Thomson alipopita Ufipa, enzi za mfalme Kapufi wa Nkansi, alikuta nchi yenye amani na watu wanaoshughulika na mashamba yao.

Nani alikuwa anashika nini?

Mtafiti Roy Willis, aliyeishi na Wafipa miaka ya mwanzo ya 1960 na kuchapisha kitabu kuhusu dola yao mwaka 1981, alieleza utawala wenye ngazi. Juu alikuwepo mfalme, mwene. Chini yake walikuwepo maofisa aliowateua kusimamia maeneo na kukusanya kodi, ambayo ililipwa kwa vitu, si kwa fedha. Kijijini, mkuu alichaguliwa na wanakijiji wenyewe.

Hapo kwenye uteuzi ndipo penye uzito. Ofisa aliyerithi eneo kwa baba yake ana jeshi la ndugu nyuma yake, na siku akiudhika anaweza kujitenga nalo. Aliyeteuliwa hana pa kusimama mfalme akimgeuka. China ilifanya hesabu hiyohiyo kwa kiwango kikubwa zaidi: mwaka 221 KK, Qin Shi Huang alipomaliza kuziteka dola zilizokuwa zikipigana, aliigawa nchi katika mikoa 36 na kuweka maofisa wake, badala ya mabwana wa kurithi. Karne nyingi baadaye China ikafika mahali pa kuwapata maofisa kwa mitihani, utaratibu uliofutwa mwaka 1905. Ufipa haikufika huko, na ilikuwa nchi ndogo isiyo na maandishi, lakini swali lilikuwa moja: nani anamteua anayekuja kudai kodi mlangoni kwako?

Kilimo nacho kilisaidia. Wafipa hufukia majani kwenye matuta ya duara, yakaoza na kuwa mbolea, shamba likalimika tena palepale. Majirani kama Wabemba walikuwa wakikata matawi, kuyachoma, kulima majivu, kisha kuhamia kwingine. Kijiji kisichohama ni rahisi kukihesabu. Ni rahisi pia kukitoza.

Mfano wa kinyume ulitokea Ufipa hapohapo. Zwangendaba, aliyewaongoza Wangoni kutoka kusini mwa Afrika hadi uwanda huu, alifia Ufipa katika miaka ya 1840. Watu wake walikuwa wapiganaji walioogopwa njia nzima. Alipofariki, walianza kugombea urithi na kusambaratika makundi makundi, kila moja na njia yake. Nguvu ilikuwa kwa mtu zaidi kuliko kwenye ofisi. (Qin nayo, kwa haki, haikudumu: Shi Huang alifariki mwaka 210 KK na ukoo wake ukaanguka ndani ya miaka michache. Ila waliowafuata, Wahan, walibaki na sehemu kubwa ya mfumo wake.)

Mjerumani alipoingia alijenga boma Kasanga, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, akapaita Bismarckburg. Waingereza waliliteka Juni 1916. Wakawaacha watawala wa jadi wafanye kazi chini yao, na hapo mwene akawa naye ni mtu wa kuidhinishwa na mkubwa mwingine, kama alivyokuwa akiwaidhinisha wenzake.

Mwaka 1963 Tanganyika huru ilifuta utawala wa machifu kisheria. Jina la Nkansi halikufutika. Limebaki kwenye Wilaya ya Nkasi, makao makuu Namanyere, ambako DC naye anateuliwa.