Pasi Imegoma Kupata Moto: Fundi, Duka au Mkaa?

Pasi ikigoma Jumapili jioni, sare za shule zikiwa bado zimejikunja kapuni, wengi hapa Mwanza huwaza kushuka mjini kesho yake kununua nyingine. Kabla hujatoa hela, tazama ile taa yake ndogo.

Taa haiwaki? Chomeka chaja ya simu kwenye soketi ileile. Chaja ikifanya kazi, ugonjwa uko kwenye pasi. Ichomoe, kisha kagua waya pale unapoingilia mpinini. Hapo ndipo unapopinda kila siku, na sisi tuna mazoea ya kuuviringisha kwenye pasi ambayo haijapoa. Nyuzi za ndani hukatika huku ganda likionekana zima. Kama juzijuzi taa ilikuwa inawaka na kuzima ukitikisa waya, jibu unalo. Kubadilisha waya au plagi ni kazi ya muda mfupi, ila usikubali kuwekewa waya mwembamba wa taa: pasi ya wati 1000 huvuta zaidi ya ampea 4, na waya huo utachemka.

Waya ukiwa mzima, anayefuata kushukiwa ni fyuzi ya joto, kijipipa kidogo ndani ya mfuko wa nyuzinyuzi, chini ya kifuniko cha pasi. Ikikatika haifufuki; hubadilishwa. Bei yake ni ndogo, lakini mwulize fundi kwa nini imekatika. Mara nyingi thamostati imeganda na kuacha joto lipande bila breki. Fundi akikwambia "nitaunga moja kwa moja, utalipa kidogo," chukua pasi yako uondoke. Pasi isiyo na fyuzi siku ikizidisha joto haina wa kuizuia.

Taa ikiwaka na pasi ikabaki baridi, mara nyingi elementi imekufa. Katika pasi nyingi za siku hizi elementi imeyeyushiwa ndani ya bamba la chini, haitoki peke yake. Hapo sioni sababu ya kumlipa fundi.

Sasa dukani. Tuanze na umeme, maana wauzaji hupenda kuusingizia. Kwa bei ya TANESCO ya shilingi 292 kwa uniti kabla ya kodi na tozo, karibu 356 ukizijumlisha, pasi ya wati 1000 haiwezi kula zaidi ya hizo 356 kwa saa nzima, na kwa kweli hula pungufu kwa sababu thamostati huikata kila mara. Mwenye LUKU ya matumizi madogo, yasiyozidi uniti 75 kwa mwezi, hulipa kama 122 kwa uniti. Ya mvuke ya wati 2000 huvuta mara mbili inapopasha. Kwa mashati na sare, kavu inatosha. Ya mvuke ina tangi na matundu ya kuziba, yaani vitu zaidi vya kuharibika.

Ukipita Makoroboi au kwenye mitumba ya Mlango Mmoja ukakuta pasi iliyotumika, soma kibandiko chake. Iliyoandikwa volti 110 au 120 ni ya Marekani, na ya 100 ni ya Japani. Umeme wetu wa 230 utaiunguza.

Pasi ya mkaa? Kwa fundi cherehani au muuza mitumba anayenyoosha kutwa nzima bila kujali umeme umekatika, ni mtaji mzuri. Nyumbani, kuwasha mkaa kwa ajili ya mashati mawili ni hasara, na ukiiwasha ndani ya chumba kilichofungwa moshi wake unaua. Bora dobi wa jirani mpaka fundi amalize.

Kwangu mimi: waya, plagi au fyuzi, tengeneza, mradi vipuri na ufundi visizidi theluthi moja ya bei ya pasi mpya. Elementi, nunua nyingine. Na ukinunua, chagua iliyofungwa kwa skrubu za kawaida, uijaribu palepale dukani mpaka ipate moto, na usiondoke bila risiti.