Mpangile: Kamanda wa Lugalo aliyefunikwa na jina la nduguye

IRINGA inajua kuwaangusha wakubwa. Mei 2019, Lipuli ‘Wanapaluhengo’ waliitupa Yanga nje ya Kombe la FA kwa mabao 2-0 pale Samora, na mji mzima haukulala.

Lakini matokeo makubwa zaidi katika ardhi hiyo yalipatikana Agosti 17, 1891, na hakukuwa na mpira. Basi la timu yoyote ya Mbeya likienda Dar es Salaam kuzifuata Simba na Yanga, likishaiacha Ipogolo hupita Lugalo. Wachezaji wengi muda huo wameuchapa usingizi.

Hapo ndipo Wahehe walipolimaliza jeshi la Mjerumani Emil von Zelewski, ambaye kwa ukali wake wenyeji walimbatiza jina la ‘Nyundo’.

Ukiuliza nani alishinda, jibu ni moja: Mkwawa. Lakini simulizi za vita hiyo zinasema Mkwawa hakuwepo uwanjani siku ile. Miongoni mwa waliowaongoza vijana wake alikuwa Mpangile, ndugu yake wa damu.

Mtoto wa ikulu

Mpangile hakuokotwa mtaani. Alikuwa mtoto wa Munyigumba, mtawala aliyeziunganisha koo za Uhehe kuwa dola moja. Kwao, mtoto wa mtemi alishika mkuki na kuongoza watu.

Siku ya Lugalo, Zelewski alikuja na mizinga na askari zaidi ya 300 wenye bunduki. Wahehe walijificha kwenye vichaka na mawe, wakaacha msafara uingie, kisha wakaruka na mikuki. Unaambiwa shughuli iliisha ndani ya dakika chache, haikufika hata nusu ya kipindi cha kwanza. Nyundo akafa, Wajerumani wenzake wakafa, na askari zaidi ya 200 hawakurudi. Bunduki takriban 300 zikabaki mikononi mwa Wahehe.

Upepo wageuka

Mjerumani hakusahau. Oktoba 1894 alirudi na mizinga, akaivunja ngome ya Kalenga. Mkwawa akaingia porini.

Huku Mbeya nako kulikuwa na hesabu za zamani. Wasangu wa Merere walishafukuzwa na Wahehe kutoka Utengule yao mpaka milima ya Usafwa, ndiyo maana hadi leo kuna Utengule nyingine jirani na Mbeya mjini. Merere akaona huu ndio wakati wa kulipa kisasi, akasimama upande wa Wajerumani.

Uhehe ukachoka. Watu walikimbia vijiji, mashamba hayakulimwa. Mwaka 1896 Mpangile akajisalimisha, na Desemba mwaka huohuo Kapteni Tom von Prince akamsimika kuwa mtawala wa Wahehe.

Hapo sasa ndipo penye utata. Je, alimsaliti nduguye? Au alitaka watu wake warudi kulima? Kiti kilikuwa cha baba yake, lakini aliyemkalisha ni adui aliyempiga Lugalo, na mwenye kiti alikuwa bado hai porini.

Hakukikalia hata miezi mitatu. Wajerumani walimtuhumu kwamba anamsaidia Mkwawa kwa siri, na Februari 1897 wakamnyonga.

Fikiria hilo. Kwa waliobaki porini alionekana amekubali kiti cha Mzungu. Kwa Mzungu alionekana bado ni mtu wa Mkwawa. Kama tuhuma ile ilikuwa kweli, basi alikufa akimlinda nduguye.

Jina limebaki moja

Mkwawa alijiua Julai 19, 1898 ili asikamatwe. Kichwa chake kikapelekwa Ujerumani, kikatajwa hadi kwenye Mkataba wa Versailles, na fuvu likarudishwa Juni 1954. Leo limo kwenye makumbusho ya Kalenga, na Iringa ina chuo kikuu kishiriki chenye jina lake.

Lugalo nayo ilipata heshima yake, kambi ya jeshi jijini Dar es Salaam inaitwa hivyo. Hata Zelewski ana mnara wake kule alikouawa.

Mpangile hana umaarufu huo. Mashabiki wanaojaa Samora wanamjua Mkwawa tangu darasa la nne, lakini wachache wanamjua nduguye aliyekuwa Lugalo siku ile, kisha akapandishwa kitanzini na haohao aliowashinda.