Kukata Tamaa Richfield

Kwa miezi 22 nililipia chumba ambacho sikuwahi kulala hata usiku mmoja. Ni stoo ya kukodi, futi tano kwa kumi, mlango wa bati unaovutwa juu, kufuli langu mwenyewe, na dola 65 zinazokatwa kwenye kadi kila tarehe 3 ya mwezi. Ndani mlikuwa na friza, televisheni mbili, cherehani, masanduku saba ya nguo na viatu, na baiskeli ya mtoto. Vyote vilikuwa "vya kupeleka nyumbani". Wanachama wenzangu mliotoka Afrika Mashariki mnaielewa kauli hiyo bila maelezo. Ukishafika huku, kila kitu cha bei poa unachokiona kinakuwa na jina la mtu: hiki cha mama, hiki cha mjomba, hiki cha mtoto wa dada. Unanunua, unaweka, unasubiri siku ya kukusanya nauli ya kontena. Siku hiyo haifiki.

Tarehe 2 Februari mwaka jana mama alinipigia kutoka Tanga. Ada ya mdogo wangu kwenye chuo cha uuguzi ilikuwa imepelea shilingi laki moja na nusu. Nilimwambia sina, na sikudanganya. Akasema, "Basi baba, Mungu atajalia," akakata simu. Kesho yake nikiwa darasani simu ikatetemeka mfukoni: dola 65 zimekatwa. Kwa kiwango cha siku ile zilikuwa zinatosha ada iliyopelea, na chenji ya nauli ya daladala ingebaki.

Nilikuwa darasa la Kiswahili, na ndiyo maana habari hii imeishia kwenye jarida letu.

Siku hiyo mwenzetu mmoja, mzaliwa wa Richfield ambaye hukaa tafakuri ya Kizeni kila Jumapili, alikuwa na zamu ya kutoa mada. Alitaka kueleza fundisho la Buddha kwamba mateso hukoma pale uchu unapokoma. Akafungua kamusi, akapata "tamaa", akapata "kata", akaviunganisha. Akasimama mbele yetu, uso umenyooka kabisa, akasema: "Buddha aliwafundisha watu kukata tamaa."

Mwalimu aliweka kalamu chini. Sisi tuliokua na lugha hii tulicheka mpaka machozi, na mwenzetu akacheka pia alipoelezwa kwamba amemfanya Buddha kuwa mtu wa kuwavunja watu moyo. Lakini kicheko kilipokwisha tukajikuta tumekwama, na saa nzima ikaishia hapo. Kwa nini neno moja la Kiswahili libebe uchu na matumaini kwa pamoja? "Tamaa mbele, mauti nyuma," tunaonyana. Halafu mgonjwa akizidiwa tunamwambia asikate tamaa. Nadhani wazee hawakukosea kuliacha neno hivyo. Stoo yangu ilijaa tamaa ya namna zote mbili, na sikuweza kusema televisheni ya kwanza ilikuwa matumaini na ya pili uchu, au kinyume chake.

Mwalimu ndiye aliyetutoa kwenye tope. Alituambia kwamba neno la Kipali linalotumika katika fundisho hilo, taṇhā, asili yake ni kiu. Basi semeni kiu, akasema, muiache tamaa ipumzike. Kiu tuliikubali wote. Mtu wa pwani anajua kwamba kuna kiu ya madafu, ambayo ukinywa inakwisha, na kuna kiu ya mtu aliyekunywa maji ya bahari.

Sasa niwaeleze Richfield, maana wengi wenu mnaipita tu mkienda uwanja wa ndege. Ni mji mdogo uliobanwa: kaskazini Minneapolis, kusini Bloomington, magharibi Edina, mashariki ndege zinatua. Nakaa karibu na barabara ya Portland, basi la D Line linapita hatua chache kutoka mlangoni. Kama kuna mahali duniani panapofaa kujifunza habari ya kiu, basi ni hapa. Ukilifuata basi hilo kuelekea kusini unaishia Mall of America, iliyofunguliwa 1992. Ukienda magharibi kwa barabara ya 66 unaingia Edina na kukuta Southdale, duka kubwa la kwanza nchini Marekani kujengwa likiwa limefunikwa lote chini ya paa moja, lenye joto wakati wa baridi na ubaridi wakati wa joto. Lilifunguliwa 1956. Aliyelichora, Victor Gruen, mhamiaji kutoka Vienna, alitaka watu wa vitongoji wapate mahali pa kukutana kama viwanja vya miji ya kwao. Walipata mahali pa kununua. Mwenyewe baadaye aliyakana maduka ya aina hiyo, akarudi zake Vienna. Na Richfield yenyewe ndiyo makao makuu ya Best Buy, majengo makubwa ya vioo pembeni mwa barabara kuu ya 494. Nikitoka zamu ya usiku nayaona yanavyowaka.

Lakini mji huuhuu wa Minneapolis ndio aliofika Dainin Katagiri mwaka 1972. Alikuwa mtawa wa Kizeni kutoka Japani, aliyekuwa akimsaidia Shunryu Suzuki kule San Francisco. Watu wachache wa huku walimwomba aje kuwafundisha, akaja, baridi na yote. Kituo alichokianzisha bado kipo, kwenye nyumba inayotazama ziwa Bde Maka Ska. Aliendelea kufundisha hapo mpaka alipofariki 1990. Mwenzetu aliponialika nilisita. Mimi ni Mwislamu, naswali, na sikuwa natafuta dini nyingine. Akanijibu kwamba hakuna atakayeniuliza dini yangu, nitakaa tu kimya niutazame ukuta.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Watu wa mkondo huo wa Zeni hukaa wakiwa wameuelekea ukuta. Mto mweusi, miguu imekunjwa, mikono imepakatwa, macho nusu wazi. Dakika za mwanzo magoti yalilalamika. Baada ya hapo kilichokuja kichwani si amani, ni orodha: friza, masanduku, kodi ya nyumba, mchango wa harusi ya binamu, mchango wa msiba wa Korogwe, zamu ya Jumamosi niliyoikubali ilhali nina mtihani Jumatatu. Niliambiwa baadaye kwamba hilo ni la kawaida. Ukuta hauna kazi nyingine ila kukuonyesha ulichokuja nacho.

Baada ya kukaa tulikunywa chai, na hapo nikasikia habari iliyonikaa kuliko kimya chenyewe: vitu vinane vya mtawa. Kwa desturi ya zamani mtawa wa Kibudha hupewa nguo tatu, bakuli la kuombea chakula, mshipi, wembe, sindano na chujio la maji. Nilihesabu kwa vidole na nilipofika kwenye sindano nikasimama. Aliyeitunga orodha hiyo hakuwa anaota. Alijua kwamba mtu mwenye nguo tatu lazima ajue kuzishona zinapochanika. Chujio ni ili usimeze viumbe vidogo vilivyomo majini, wala usiviue. Kila kitu kina sababu, na sababu inajulikana kabla kitu hakijafika mkononi. Kwa Kiswahili chetu hiyo ni nia, neno tunalolijua kutoka msikitini: kabla ya swala, kabla ya funga, nia kwanza. Wabudha nao wana neno lao, cetanā, na wanafundisha kwamba uzito wa tendo uko kwenye nia. Sikuhitaji kubadili dini ili kujiuliza nia ya televisheni ya pili.

Sasa, nisije nikaonekana nimelewa chai ya Kijapani. Kuna mengi yanayonikera katika haya "maisha mepesi" yanavyouzwa huku. Kuna vitabu, kuna video, kuna vikapu vya mianzi vya bei mbaya vya kuwekea vitu vichache ulivyobakiwa navyo. Kutupa ni rahisi kwa mtu anayejua akihitaji tena atanunua. Sisi tulilelewa na watu wanaotunza chupa ya plastiki, kwa sababu kesho itaitwa kopo la mafuta ya taa. Nilipomweleza mama kwamba nasoma habari za watu wanaoishi na vitu vichache kwa makusudi, alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Sisi tulikuwa na sufuria tatu, mwanangu. Hakuna aliyekuja kututungia kitabu." Sina jibu la hilo mpaka leo.

Rafiki yangu mmoja wa Brooklyn Park alikwenda mbali zaidi, akasema haya ni mambo ya Wazungu walioshiba. Hapo nilimpinga. Dar es Salaam kuna hekalu la Wabudha lililoanzishwa na Wasinhala kutoka Ceylon, nchi tunayoiita leo Sri Lanka, tangu miongo ya mwanzo ya karne ya 20. Na karibu na Entebbe kuna kituo alichokianzisha Bhante Buddharakkhita mwaka 2005. Ni Mganda, alilelewa Mkatoliki, akakutana na watawa alipokuwa mwanafunzi India. Rafiki yangu hakushawishika. Alisema Waganda wana kila kitu.

Niliamua kuimaliza stoo mwezi Machi, kabla kadi haijakatwa tena. Nilimwomba mwenzetu wa Richfield anisaidie kwa gari lake. Tulipofungua mlango akauliza swali ambalo sikuwa nimejiuliza kwa miezi 22: "Hii friza, umeme wake ni volti ngapi?" Tukaipindua, tukasoma kibandiko. Volti 120. Kwetu umeme ni 230. Ningeifikisha Tanga na kuichomeka ukutani bila transfoma, ingeungua siku hiyohiyo. Televisheni moja nayo vivyo hivyo. Baiskeli ilikuwa ya mtoto wa miaka mitano, na mpwa wangu sasa ana tisa. Angeipanda, magoti yangemgusa masikio.

Nilikaa juu ya sanduku nikampigia mama.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Mbona unatweta?"

Nikamweleza. Nilianza na friza, ile niliyomnunulia afanyie biashara ya barafu. Nikamwambia nimeiweka karibu miaka miwili na haifai. Kimya. Halafu akasema, "Friza ninayo. Nilinunua kwa jirani alipohama, mwaka juzi. Barafu nauza."

"Hukuniambia."

"Hukuniuliza."

Kwa kuwa tulikuwa tumeanza, nikamaliza. Nikamwambia ninalipwa kiasi gani kwa saa, kodi ni kiasi gani, ninabaki na nini. Nikamwambia siku ile ya ada nilisema sina kwa sababu nilikuwa nalipia vitu vyenyewe hivi. Sikuwahi kumtajia mama namba hizo. Tukiwa huku tunazificha. Tunaona haya kwamba ni ndogo, na tunaogopa zitaonekana kubwa. Hakulaumu. Aliuliza kama nakula. Kisha akauliza ada ya muhula ujao ningeweza kuchangia kiasi gani kwa hakika, hata kama ni kidogo, ili naye ajue la kufanya na lililobaki. Nikamtajia: dola 50 kila mwezi, tarehe 3. Nilikuwa najua tarehe hiyo kadi yangu inaimudu.

Friza niliiuza kwa familia moja ya jirani. Nguo zilikwenda kwa wageni waliokuja mwezi huo kutoka kambi za wakimbizi na walikuwa hawana makoti. Televisheni nilizipeleka kwenye mnada wa wanafunzi, nikapata hela isiyofaa kutajwa.

Kilichokuwa kigumu zaidi si vitu, ni neno "ndiyo". Niko kwenye vikundi sita vya WhatsApp vya michango. Zamani nilikuwa naandika "nipo pamoja nanyi" kwa kila harusi, kisha naongeza zamu kulipia ahadi. Sasa, kabla ya kuandika, naiweka simu chini, nanywa maji, nauliza nia. Misiba natoa, kila mara. Harusi nachagua. Binamu mmoja hajanisemesha tangu Aprili, na nakiri kwamba linaniuma. Sijui kama nilifanya sawa. Mama anasema atanuna mpaka apate mtoto.

Kuna neno jingine nililolipata njiani, nawaachia walimu waliamue. Kukinai. Mtu aliyeridhika na alicho nacho amekinai. Mtu aliyekula halua mpaka ikamtoka puani naye amekinai. Miezi ile 22 nilikuwa wa pili nikijidhani wa kwanza.

Cherehani sikuiuza. Ni ya volti 120 nayo, kwa hiyo itabaki Minnesota nami, kwenye meza ya jikoni. Suruali zangu za kazi zinachanika magotini na nimeanza kuzitia viraka. Wiki iliyopita nilimwonyesha mama kiraka cha kwanza kwa video. Alisogeza simu karibu na macho, akaniambia nigeuze upande wa ndani.

"Uzi umelegea," akasema. "Na umeshona mguu wa mbele na wa nyuma pamoja. Utavaaje?"