Kwa Ajili ya Yonathani

Mazungumzo ya redio. Somo: 2 Samweli 9:1–13

 Ninapozungumza nanyi leo najua ya kuwa katika nyumba nyingi zinazosikia sauti hii, toka Busia hata Malaba, na ng'ambo kwa ndugu zetu wa Tororo, kuna kiti kimoja ambacho mwenyewe hayupo tena. Yuko aliyefiwa na mama. Yuko aliyemzika mtoto. Nanyi mwajiuliza swali ambalo mimi pia nimejiuliza: Tumkumbukeje mpendwa wetu? Tumemlilia, tumelala matanga, tumenyoa nywele, tumemwekea msalaba. Je, imekwisha?

Leo nataka tutazame njia moja ya kumkumbuka aliyelala. Nayo ni hii: kumtendea mtu wema asioutazamia, pengine mtu usiyemjua hata jina, kwa ajili ya yule uliyempenda. Wengine hudhani ya kuwa hii ni desturi mpya ya wageni. Sivyo. Imo katika Biblia tangu zamani.

Someni kitabu cha pili cha Samweli, sura ya 9. Daudi amekwisha kuwa mfalme. Sauli amekufa, na Yonathani, rafiki wa moyo wake, ameuawa vitani katika mlima Gilboa. Siku moja Daudi akaanza kuulizia kama amebaki mtu wa nyumba ile ambaye angeweza kumfadhili kwa ajili ya rafiki yake. Akaambiwa habari za Mefiboshethi, mwana wa Yonathani, kiwete wa miguu yote miwili, aliyekuwa akikaa kwa watu huko Lo-debari. Akaitwa. Alipofika alianguka kifudifudi kwa hofu, maana wafalme wa siku zile mara nyingi waliwaua wazao wa mfalme aliyetangulia. Yeye alitazamia upanga, naye akapewa nafasi mezani pa mfalme siku zote.

Sisemi ya kuwa kaburi ni kitu cha bure. Daudi huyo huyo baadaye aliikusanya mifupa ya Sauli na Yonathani, akaizika kwa heshima katika nchi ya Benyamini. Lakini angalieni: kabla Biblia haijatueleza habari za mifupa, imetueleza habari za mtoto aliye hai.

Tunajifunza hapa mambo matatu. La kwanza, Daudi alitafuta. Hakungoja kiwete aje kubisha mlangoni. La pili, alimtendea mema mtu asiyeweza kumlipa. La tatu, wema wake haukuwa maneno matupu. Alimrudishia Mefiboshethi mashamba ya babu yake, akamwagiza Siba na wanawe wayalime. Kumbukumbu ya Yonathani ikawa shamba, ikawa mkate.

Hapa nisimame kidogo, maana jambo hili kwetu lina uchungu. Nimehudhuria mazishi mengi katika sehemu hizi za Busia. Nimesikia ndugu za marehemu wakimsifu kwa sauti kuu, wakichinja fahali, wakikodi turubai na viti. Kisha kabla udongo wa kaburi haujakauka, mjane anaambiwa kwamba shamba si lake, arudi kwao. Sheria ya Urithi ya Kenya, Sura ya 160, inamtambua mjane na watoto. Lakini hata kama sheria isingekuwapo, Neno la Mungu lipo. Ndugu yangu, ukitaka kumkumbuka kaka yako aliyekufa, usianze kwa kumnunulia mgeni soda barabarani. Anza kwa mjane wake. Anza kwa karo ya mtoto wake. Anza kwa deni aliloliacha dukani. Wema kwa mgeni ni mzuri, lakini usiwe pazia la kufunika dhuluma ya nyumbani.

Sasa niwape ushuhuda wangu mwenyewe, ingawa si wa kunisifu.

Mama yangu alilala mwezi wa Mei 2019. Kwa miaka mingi aliuza chai na mandazi kando ya barabara ya Malaba, pale malori ya kwenda Uganda yanapopanga foleni. Ninyi wa Malaba mwaijua foleni hiyo. Mama alikuwa na kikombe kimoja cha bati ambacho hakukitoza pesa. Kilikuwa cha tanboi yeyote ambaye dereva wake amekwenda kulala na kumwacha bila kitu. Sisi watoto tulimlaumu. Tulimwambia, “Mama, wanakudanganya.” Naye alijibu ya kuwa mwenye kudanganya kwa ajili ya chai ana njaa pia.

Mwaka mmoja ulipokaribia kutimia, kaka yetu mkubwa alipanga ibada ya kumbukumbu: fahali, turubai, vipaza sauti. Lakini ilikuwa Mei 2020, wakati wa Korona. Makanisa yalikuwa yamefungwa, mikutano imekatazwa. Kaka alikasirika sana, akasema mama anasahauliwa kama mbwa. Na wakati huo huo, mtakumbuka, madereva walikuwa wakipimwa mpakani na kungojea majibu siku baada ya siku, hata foleni ya malori toka Malaba ikafika makumi ya kilomita. Watu waliwaogopa madereva wale. Watoto waliwaita “Korona.” Wengine walikataa hata kuwauzia maji.

Dada yetu mdogo akasema, “Tuwapikie hawa. Mama angewapikia.” Mimi nilikataa. Nilikuwa na maneno mazuri ya kichungaji juu ya hekima na juu ya kutomjaribu Bwana. Ukweli ni kwamba niliogopa. Basi dada alipika sufuria ya mahindi na maharagwe, akafunga barakoa, akaiweka kando ya barabara pamoja na sahani, akarudi nyuma hatua nyingi. Madereva wakaja mmoja mmoja wakajipakulia. Mmoja akapaza sauti kuuliza ni chakula cha nani, walipe nani. Dada akajibu, “Ni cha mama.” Yule akauliza, “Mama yuko wapi tumshukuru?” Dada akanyamaza. Dereva akaelewa, akavua kofia.

Siku ya pili dada alikwenda tena peke yake. Siku ya tatu nilikwenda naye, nikibeba maji. Wapenzi, nimehubiri miaka mingi juu ya Msamaria Mwema, lakini siku mbili hizo nilikuwa kuhani aliyepita kando. Nimeungama jambo hilo mbele za Mungu, na leo naliungama mbele yenu.

Je, kaka yetu alikubali? Hapana, hakukubali siku ile. Hata leo bado angependa fahali. Simdharau, maana naye alimpenda mama. Lakini kila Mei sasa yeye huleta gunia la maharagwe, halafu huenda zake bila kusema neno.

Labda mtu atauliza, “Mchungaji, je, wema huu unamsaidia marehemu? Unampunguzia adhabu? Unamfungulia njia?” Swali hili ni la lazima, na sisi Waanglikana tulijibu wazi. Katika zile Kanuni Thelathini na Tisa za Kanisa la Anglikana, Kanuni ya 22 inayakataa mafundisho ya toharani, na Kanuni ya 12 inatufundisha kwamba matendo mema hayawezi kuondoa dhambi, bali ni matunda ya imani ya kweli. Aliyelala katika Kristo hahitaji mahindi yetu. Kazi ya msalaba imetosha. Basi sufuria ile haikuwa malipo ya roho ya mama. Ilikuwa shukrani kwa Mungu aliyetupa mama wa namna ile. Na anayefaidika ni aliye hai: yule mwenye njaa, na pia yule mwenye kupika. Kwa maana huzuni isiyopata kazi ya kufanya hugeuka kuwa uchungu, na uchungu hugeuka kuwa ugomvi.

Sisi watu wa mpakani tuna sababu nyingine ya kulielewa jambo hili. Tarehe 16 Februari 1977, Askofu Mkuu Janani Luwum wa Uganda aliuawa katika utawala wa Idi Amin, pamoja na mawaziri wawili, Erinayo Oryema na Charles Oboth-Ofumbi. Huyu wa pili alikuwa mtu wa upande wa Tororo, jirani zetu. Kaburi la askofu lilichimbwa Namirembe, karibu na kaburi la Askofu James Hannington, yule aliyepitia Mumias na kuuawa Busoga mwezi wa Oktoba 1885. Jumapili ya tarehe 20 Februari watu walikusanyika, lakini mwili haukuletwa. Ulikuwa umepelekwa kuzikwa Mucwini, kijijini kwake. Waumini wakasimama mbele ya kaburi tupu.

Wangefanya nini kumkumbuka? Askofu Festo Kivengere wa Kigezi, aliyelazimika kukimbia nchi kwa miguu, alichagua njia ngumu kuliko zote: alitangaza mbele ya dunia kwamba anampenda Idi Amin, akaandika kitabu juu ya hayo. Huo ndio wema ambao adui hakuutazamia. Katika miaka hiyo Waganda wengi walivuka Busia na Malaba wakitafuta usalama. Walimu wengi kati yao walifundisha watoto wetu katika shule za Kenya. Na gurudumu liligeuka. Mwanzoni mwa mwaka 2008, baada ya machafuko ya uchaguzi, ni Wakenya waliovuka mpaka kwa hofu, na wengine wakakaribishwa katika kambi ya Mulanda, huko huko Tororo. Aliyepewa maji jana, leo ndiye mwenye mtungi. Wahenga walisema, tenda wema uende zako.

Mpendwa msikilizaji, ukitaka kuanza, nakupa mashauri manne.

Kwanza, uliza marehemu wako alipenda nini. Kama baba alikuwa mwalimu, mnunulie mtoto mmoja kalamu na daftari. Kama mtoto wako alifia hospitalini, mtafute mama mmoja aliyekaa kwenye benchi na mgonjwa, umlipie bodaboda ya kurudi nyumbani. Jina hilo la bodaboda lilizaliwa hapa kwetu, wakati wa baiskeli zilizobeba watu na mizigo toka mpaka hadi mpaka. Nauli ni ndogo, lakini kwa mwenye mgonjwa ni mlima.

Pili, mtendee asiyeweza kukulipa. Bwana Yesu alitufundisha hivyo katika Luka sura ya 14, aliposema juu ya kuwaalika maskini na vilema.

Tatu, usipige tarumbeta. Mwaka mmoja nililitangaza kanisani jambo la sufuria yetu, nikimtaja mama. Watu walinipongeza. Jioni ile nilipokula nilijua ya kuwa nimeuza jina la mama yangu kwa bei ya makofi. Hata leo nimesitasita kuwaambia habari hizi. Nimezisema kwa sababu ndani yake aliyekosa ni mimi.

Nne, ujiruhusu kulia. Wema si dawa ya kufukuza machozi. Yesu aliyejua kwamba atamfufua Lazaro alilia kwanza.

Na mwisho, kumbukeni ya kuwa sisi sote ni Mefiboshethi. Tulikuwa mbali, viwete, tukiogopa upanga. Mungu hakutukaribisha kwa sababu ya miguu yetu, bali kwa ajili ya Mwingine aliyekufa. Kila tunapoumega mkate na kunywa kikombe kwa ukumbusho wake, tumekaa mezani pa Mfalme kwa ajili ya Mwanawe. Basi anayekula katika meza ya namna hiyo, atawezaje kumnyima mwingine kikombe cha chai?

Tuombe.

Ee Baba wa rehema, twakushukuru kwa wapendwa wetu uliotupa, na ambao umewatwaa. Wafariji walio na kiti kitupu nyumbani mwao. Walinde wajane na yatima, na uwaaibishe wanaowanyang'anya. Walinde wasafiri wote wanaongojea mpakani usiku huu. Tufungue macho tumwone yule tunayeweza kumtendea mema, na utupe moyo wa kumtendea bila kutafuta sifa. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.

Kwaherini wapenzi wasikilizaji. Bwana awe pamoja nanyi.